Kitambaa Ndani ya Hita

Asubuhi gari lile lilipoletwa nilikuwa mlangoni nachagua mchele, na shemeji yangu Imrani alikuwa ananichokoza kama kawaida yake. Imrani alikuwa fundi umeme wa magari hapa Tarime mjini. Alimwoa mdogo wangu Samira, nami nilihamia kwao nilipoachika. Gereji yake ilikuwa uani kwetu, kwa hiyo kila jambo lililotokea pale nililiona kwa macho yangu, na nisiloliona nililiuliza.

Fundi yule alikuwa na ugonjwa mmoja: matambara. Nguo ikichakaa nyumbani kwake haikutupwa. Aliikata kwa mkasi vipande vya mraba, kingo zimenyooka, maana alisema ukichana kwa mkono unaacha nyuzi, na nyuzi ni adui wa feni. Siku ile akaikamata ncha ya kanga yangu.

"Hii pamba tupu, shemeji. Iko siku nitaikata."

"Kata, uone kama vidole vyote vitarudi," nikamjibu. Tukacheka.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova kuukuu ya Mzee Nyamhanga. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewavuruga watu akili. Walimiminika machimboni Kewanja kutoka kila upande, leo mtu anapata, kesho analala njaa. Nyamhanga alikuwa na mashimo kule, na yeye alipata tu. Mimi mtu wa namna hiyo simwamini hata akinisalimia vizuri, na Nyamhanga alisalimia vizuri mno.

Shida yake ilikuwa feni ya hita. Asubuhi akipanda milimani kwenda Itiryo ukungu unafunga kioo cha mbele, hewa ya moto haiji, haoni barabara.

"Angalia nyaya tu, mura," alimwambia Imrani, akimwita kijana kwa Kikurya. "Sanduku la hita usifungue."

Akaondoka kwenda sokoni. Imrani akapima nyaya, zilikuwa nzima, umeme unafika. Sasa fundi gani umeme unafika, feni haizunguki, halafu asifungue? Akafungua.

Ndani, feni ilikuwa imebanwa na kitambaa kigumu kwa uchafu, kimefungwa kwa nywele. Nilizisogelea nikaziangalia. Hazikuwa za mnyama.

"Rudisha, Imrani," nilimwambia.

"Shemeji, kuna fundi mvivu alizibia sanduku lisigonge. Panya wakaleta nywele zao. Wewe unaona wachawi hata kwenye kaboni za mota."

Akakitupa kwenye kopo la petroli. Akasafisha kaboni, akatia mafuta, feni ikazunguka. Ila sanduku lilitetema pale kitambaa kilipokuwa, likagonga. Imrani hakuwahi kurudisha gari linalogonga. Akatia mkono kwenye mfuko wa matambara, akatoa kipande cha mraba, cha njano, akakisokomeza palepale. Akafunga.

Kile cha njano kilikuwa gauni la zamani la Shamsia, mtoto wao wa pekee. Nililijua. Nililifua mara nyingi.

Nyamhanga aliporudi aliwasha feni, akainamisha kichwa akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu kwa mtu anayesikiliza feni. Kisha akamtazama Shamsia aliyekuwa anaruka kamba, akatuuliza anaitwa nani. Imrani, mtu wa watu, akamwambia.

Mimi sikupuuza kama wengine. Gari lilipoondoka nilikiokoa kile kitambaa kwenye kopo, nikakianika kwenye uzio. Petroli ilikuwa imekitakasa. Kumbe ni mfuko wa shati, umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mama Bhoke ndiye aliyekiona. Alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma mbele ya gereji, nywele zake ndefu zimesokotana, na sote tulijua sababu. Mwanawe Ryoba alifanya kazi shimoni kwa Nyamhanga. Shimo lilititia, mwili haukupatikana. Kwao, msiba haunyolewi kabla ya kuzika, na yeye hakuwa na cha kuzika.

Alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili.

"Uzi huu ni wangu," alinong'ona. "Mfuko huu nilimshonea mimi."

Hakulia. Aliacha mahindi motoni, akaenda zake nyumbani kwake Itiryo.

Asubuhi iliyofuata Shamsia alishindwa kupumua.

Ilianza anakunywa chai. Kikombe kikaanguka. Akashika kifua, midomo ikawa rangi ya majivu. Baadaye ikaachia, akalala kwa uchovu. Hospitali walisema kifua kisafi. Kesho yake, ukungu uliposhuka, ikarudi. Siku ya tatu nilimweka mapajani.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Upepo, mama mkubwa. Unanivuta. Kuna giza, kunanuka udongo."

"Uko wapi?"

"Ndani ya gari."

Samira akapiga yowe. Imrani alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi mkononi. Sikuwa na haja ya kumwambia kitu. Uso wake ulimshuka kabisa. Alijua asubuhi zenye ukungu nani huwasha feni, na alijua alichokiweka ndani.

Tukamwendea Mama Bhoke, atupe mfuko wa Ryoba tuurudishe kwenye hita badala ya kile cha njano. Tulimkuta amenyoa. Kichwa kilikuwa kinang'aa, na nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi dogo, udongo bado mbichi.

"Shikamoo mama," Imrani alisema. "Mtoto wangu anakufa."

"Marahaba." Alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonitisha. "Wangu amenyamaza sasa. Nilikuwa namsikia akikohoa kila gari lile likipita. Usinifukulie, fundi. Nakuomba."

Imrani hakubisha. Nilimchukia kwa kutobisha, na nilimpenda pia.

Tulipokuwa tunashuka, ukungu ulikuwa mzito. Landrova ilikuwa imesimama kando ya njia, injini inanguruma, feni inavuma. Nyamhanga alikuwa ndani. Alionekana anatungoja.

"Nataka kitambaa changu, mzee," Imrani alisema polepole.

"Chukua."

"Hivi tu?"

"Chukua, mura. Lakini pale hapakai patupu. Si mimi niliyekiondoa kile cha kwanza."

Imrani akafungua boneti. Alitoa mkasi wake mfukoni. Nikamshika mkono.

"Imrani. Usifanye."

"Shemeji, niachie."

Akakata pindo la shati alilovaa. Mraba. Kingo zimenyooka. Akatoa cha njano, akaweka chake, akafunga. Nyamhanga akasikiliza feni. Akatikisa kichwa kukubali. Akaondoka.

Nyumbani tulimkuta Shamsia anaomba chakula. Baba yake alikaa kwenye ngazi, akatabasamu, akaanza kutafuta pumzi.

Imrani tulimzika kabla ya mvua za vuli. Waliomwosha walitoka wameinamisha macho. Mmoja, Abdillah, rafiki yake tangu utotoni, alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba walimsafisha kinywa, wakamsafisha tena, na udongo mwekundu uliendelea kutoka. Sikumwambia Samira.

Niliomboleza kuliko nilivyotarajia. Nyumba bila mtu wa kunichokoza ilikuwa baridi.

Wiki iliyopita alikuja Sylvester, dereva wa kambi ya watalii kule Natta, mteja wa zamani wa Imrani. Alikuja kutoa pole, akaleta na habari. Wamekuta Landrova ya Nyamhanga imetelekezwa porini. Nyamhanga hayupo, hajulikani alipo. Betri imeshang'olewa na wezi.

"Lakini feni ya hita ilikuwa inazunguka, dada," alisema. "Taratibu. Bila betri. Nikafungua sanduku nitazame."

"Ukakuta kitambaa?"

"Hapana. Lilikuwa tupu."

Nilimshukuru, nikampa chai. Alipoondoka nilikimbilia chumbani, nikatoa nguo za Shamsia moja moja. Nzima. Za Samira, nzima. Nikakaa kitandani, moyo ukatulia, nikamshukuru Mungu.

Kisha nikatoka kuanua nguo zangu. Kanga yangu ilikuwa kwenye kamba, imekauka, haina tatizo, isipokuwa ncha moja. Palikosekana kipande cha mraba, na kingo zake zilikuwa zimenyooka.