Kishikio cha Trekta la Mahurunga

Kila Jumamosi Halima hupanda mlimani na kaka yake Kassimu kuchukua mihogo ya kikundi cha akina mama wa Mahurunga. Hutumia trekta dogo la bustani, lenye tela nyuma. Trekta hilo halina gia za kubadilisha. Ukikanyaga pedali, oili husukuma magurudumu; ukiiachia, oili hiyo hiyo huyazuia, hata kwenye mteremko mkali. Nyuma kuna kishikio cha chuma. Ukikivuta, oili huyaachia magurudumu, ili trekta likizima liweze kusukumwa kwa mikono.

“Mlimani kisiguswe,” fundi Erasto wa Chuno alisema alipokuja kubadilisha oili. Halima alimsikia vizuri. Kassimu pia alimsikia, lakini huyo ni dereva wa bodaboda, na kwa ujuaji hajambo. Pikipiki yake huishusha milima yote ikiwa fri, injini kimya, eti anabana mafuta.

Siku hiyo tela lilijaa pomoni. Walipofika ukingoni mwa mteremko, Kassimu alikanyaga breki.

“Halima, shuka uvute hicho kishikio. Tunashuka na fri.”

“Lakini kaka, fundi alisema...”

“Fundi, fundi! We mwoga nini? Vuta, au nikuache utembee!”

Halima hakutaka kuchekwa. Akashuka, akavuta.

Kassimu alipoachia breki, trekta lilichomoka. Alikanyaga pedali, haikusaidia kitu. Alikanyaga breki, lakini mihogo ilikuwa mizito na tela likazidi kulisukuma. Likapinduka korongoni na kumlalia mguu.

Halima alifika akilia. Kassimu alikuwa akiugulia kwa maumivu, lakini neno lake la kwanza lilikuwa, “Rudisha kishikio. Usimwambie mtu.” Akakirudisha.

Huko hospitali Mtwara, mguu wa Kassimu ulikatwa chini ya goti. Naye, bila haya, akamwambia kila aliyekuja kumwona kwamba fundi aliweka oili mbovu.

Akina mama wakamwita Erasto. Walimfokea, wakasema watampeleka polisi.

“Jamani, oili niliyoweka ni nzuri,” alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Halima alishindwa kuvumilia. “Mama, fundi hana kosa! Kaka aliniambia nivute kishikio, nikavuta. Kisha nikakirudisha.”

Mama yake, Bi Mwanahamisi, mwenyekiti wa kikundi, alimwomba fundi radhi mbele ya wote. Erasto alikubali kulitengeneza trekta, ingawa hakuitazama familia ile usoni.

Jioni mama alimwita Halima.

“Leo umesema kweli, umemwokoa mtu asiye na hatia. Nakushukuru. Kaka yako ndiye aliyekuamuru, naye nitamwambia lake. Lakini kule juu ulijua, mwanangu. Ukiambiwa ufanye jambo la hatari, kataa hapo hapo, hata wakucheke. Ungekataa, Kassimu angekucheka akiwa na miguu yake miwili.”

Mama akafunga chakula cha mgonjwa, akaondoka.