Ithibati Iko Njiani

Siku ya mwisho ya maonyesho ya vyuo, ukumbi ulifurika mpaka watu wakawa wanapishana ubavu ubavu. Kila chuo kilikuwa na meza yake, kitambaa cha rangi yake na vijana waliovaa fulana za kufanana. Mbele ya meza moja karibu na mlango wa dharura, foleni ilikuwa imegoma kusogea kwa sababu ya mwanamke mmoja mwenye maswali.

Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwenye miaka thelathini na mbili, na alikuwa ametoka zamu asubuhi ile ile. Sare alishaivua, akavaa gauni la kijani kibichi lenye mikono mirefu, lakini miguuni alibaki na raba zake nyeupe za kazini. Alikuwa na stashahada na sasa alitaka shahada. Kazi hakutaka kuiacha, kwa hiyo ilimbidi asome kwa masafa, kwa saa chache atakazoziiba huku na huku. Alitaka kujua akikwama kwenye somo nani atamjibu, na baada ya siku ngapi. Mtihani angefanyia wapi. Akipangiwa zamu siku ya mtihani, ingekuwaje. Na wale waliohitimu mwaka juzi, sasa wako wapi?

Swali la mwisho lilimfanya kijana wa mezani ageuke kumtafuta mkubwa wake.

"Sista, huku nyuma tunazeeka," ilisema sauti ya mwanamume.

Aligeuka. "Umejuaje kama mimi ni sista?"

"Hizo raba. Na unavyouliza. Mtu hajakaa hata vizuri, umeshamuuliza ameanza kuumwa lini."

Alicheka bila kupenda. Mwanamume yule alikuwa mrefu, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, ila kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Alikuwa fundi wa lifti. Alieleza kwamba yeye hatafuti chuo. Anacho tayari, yuko mwaka wa pili wa uhandisi, anasomea kwenye simu. Alikuja kuwasalimia watu wa chuo chake, ambao hajawahi kuonana nao ana kwa ana, lakini meza yao haioni. Alipanga foleni ili aulize kama kuna mtu anayejua walipo.

Hakuna aliyejua. Fundi alisema vyuo vya kisasa havihitaji meza, na Sista akakubali kwamba huenda ni kweli. Walipotoka nje kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Ndivyo walivyoanza. Mwanzoni simu zao zilihusu masomo tu. Fundi alimsimulia jinsi anavyosikiliza mihadhara kwenye chumba cha mashine juu ya paa, akisubiri mafuta yashuke kwenye gia. Alimwambia pia jambo ambalo hakupenda kuwaambia watu: kwamba kwa miaka kumi na mbili amekuwa akiwafundisha kazi wahandisi wapya, na wakishajua, wao ndio wanaoweka saini chini ya kazi yake. Baba yake alifariki yeye akiwa bado shule, na vyeti vyake viliishia hapo. Sista alisikiliza bila kumkatiza, na Fundi akagundua kwamba amekaa wiki nzima akingojea saa ya mapumziko ya mchana ya Sista zaidi ya alivyongojea mshahara.

"Leo umekula?" Fundi alizoea kumuuliza.

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula, mpenzi. Hata mgonjwa ungemgombeza."

Lile neno mpenzi lilipita mara ya kwanza kana kwamba limeteleza. Mara ya pili Sista alilisubiri. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama mdogo wake akijisetiri jikoni na simu, akasema huyo mtu na aje basi, aonekane.

Alikuja Jumapili mchana. Dada mkubwa alimkagua kola, akaona imeshonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa rangi sahihi, akamkaribisha.

Fundi alitamani jambo moja. Alitamani Sista ajiunge na chuo chake, kwa sababu nako walitangaza shahada ya uuguzi. Wangesoma meza moja, waulizane, wacheke. Hakulificha. Na Sista naye, ambaye tangu aanze kumpenda alikuwa ameanza kutamani mambo mepesi, alikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini hakuwa mtu wa kumeza dawa bila kusoma karatasi yake. Akapiga simu baraza la wauguzi, akataja jina la chuo. Afisa alimwomba arudie herufi kwa herufi. Kisha akamwambia hakimo kwenye orodha. Akamshauri aulize pia kule vyuo vyote vinakosajiliwa. Kule nako hakikuwemo.

Siku yake ya mapumziko alikwenda kwenye anwani iliyoandikwa kwenye tovuti. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Alikuta chumba kimoja chenye meza mbili, simu tatu zikichajiwa, na binti mpole aliyemkaribisha kiti. Mkurugenzi amesafiri, alisema binti. Kuhusu ithibati, asiwe na wasiwasi, iko njiani.

"Iko njiani tangu lini?" aliuliza Sista.

Binti alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mimi nilipoajiriwa niliikuta iko njiani."

Sista alishuka ngazi taratibu. Fundi alikuwa na mtihani baada ya wiki tatu. Alikuwa amechukua likizo kwa ajili yake. Jana yake tu alikuwa amempigia akiwa na furaha ya mtoto, kwamba hatimaye amelielewa somo la mitetemo, ambalo lilimtesa mwaka mzima.

Dada mkubwa alimwambia amweleze leo leo. Sista alisema atamweleza mtihani ukipita. Mtihani ulipopita alisema atamwacha kwanza apumzike. Alichomweleza Fundi ni kwamba amechagua chuo kingine, chenye kituo cha masomo mjini na vikao vya Jumamosi, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba kazi yake inataka mambo ya ana kwa ana. Fundi alisikia mengine. Alisikia kwamba chuo kinachomtosha fundi wa lifti hakimtoshi sista. Hakugombana naye. Alipunguza tu kupiga simu, na alipopiga hakumuuliza tena kama amekula.

Mambo yalifika mwisho wake siku ya Alhamisi, mchana. Kampuni ya Fundi ilitangaza nafasi ya mkaguzi, naye akapeleka maombi pamoja na matokeo ya mwaka na nusu. Afisa wa ajira alimwita, akafunga mlango, akamweleza kwa upole kwamba zile karatasi hawezi kuzipokea, na kwa nini. Fundi alitoka, akakaa kwenye ngazi za nyuma za jengo. Mtu aliyemjia kichwani kwanza, pamoja na ubaridi wote uliokuwa umeingia kati yao, alikuwa mmoja tu.

Sista alipokea akiwa kwenye chumba cha chai. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mpenzi," alisema.

Fundi alikuwa na kazi ya kusikiliza mashine. Alijua tofauti ya mlio na mlio.

"Hukushtuka," alisema.

Sista aliweka kikombe mezani.

"Nimekwambia nimesoma mwaka na nusu bure, na hukushtuka. Ulijua lini?"

"Kabla ya mtihani wako. Wiki tatu kabla."

"Ukaniacha nikaufanya."

"Ndiyo."

Fundi alikata simu. Sista alirudi wodini, akampima homa mtoto wa kitanda cha nne, akaandika joto kwenye karatasi ya mtoto wa kitanda cha tano. Mwenzake aliliona kosa, akampokonya kalamu, akamwambia aende akanawe uso.

Miezi miwili ikapita. Sista alianza masomo yake. Jumamosi alikaa kwenye kituo pamoja na wauguzi wengine waliochoka kama yeye, akaandika kazi zake, akapata alama nzuri ambazo hakuwa na wa kumwonyesha isipokuwa dada yake, aliyesema vizuri, halafu akaendelea kushona. Ujumbe aliomtumia Fundi ulisomwa na haukujibiwa. Alikuwa amejitetea sana ndani ya ujumbe ule, na kila alipourudia aliuona mbaya zaidi. Dada mkubwa ndiye aliyesema, uzi ukiwa mdomoni, kwamba mtu mzima haombwi msamaha kwa vidole.

Basi akamfuata kazini. Lilikuwa jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja, na mlinzi akamweleza kwamba lifti zote mbili ziko kwenye matengenezo, fundi yuko juu kabisa. Akapanda kwa miguu. Alipofika juu, gauni lake jeupe lenye maua madogo ya njano lilikuwa limelowa mgongoni, na hakuwa na pumzi ya kusema neno. Fundi, akiwa na ovaroli ya bluu na tambara mkononi, alimwona mlangoni. Alizima injini, akamsogezea ndoo aliyoigeuza kiti. Angemfanyia hivyo mtu yeyote, Sista aliwaza, na ikamuuma.

"Wodini nawaambia wazazi mambo mazito," alisema alipopata pumzi. "Kila wiki. Nakaa, nawatazama usoni, nawaambia. Wewe nikashindwa."

"Uliniogopa, au ulinionea huruma?"

Sista alifikiri kabla ya kujibu. "Vyote viwili. Na huruma ndiyo niliyokukosea nayo zaidi. Niliamua kwa niaba yako kwamba huwezi kulibeba."

Fundi aliifuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. "Ungeniambia siku ile ile ningekasirika. Ningesema unakidharau chuo changu."

"Najua."

"Lakini ningekasirika nikiwa na wewe." Akaiweka spana chini. "Hilo ndilo lililonikaa hapa. Nilikuwa peke yangu ndani ya kitu ambacho wewe unakijua."

Chini mtu alibonyeza kitufe cha lifti, akabonyeza tena. Hawakujali. Fundi alianza kusema polepole, kama anayefungua kifuniko asichojua chini yake kuna nini. Alisema kwamba siku ile ya maonyesho alizunguka ukumbi mara tatu akitafuta ile meza. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alirudi nyumbani akafungua somo lililofuata, akaongeza sauti. Kila walipochelewa kumjibu, kila jina la mkufunzi lilipobadilika bila maelezo, aliongeza sauti. Alikuwa amechoka sana kuwa fundi asiye na karatasi, na hakutaka kuambiwa kwamba bado ndivyo alivyo.

"Mitetemo uliielewa kweli," Sista alisema. "Hilo hawawezi kulifuta."

Ndipo Fundi alipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Umekula?"

"Nimekunywa chai," alisema Sista, na machozi yakamtoka.

Baada ya hapo Fundi alitafuta chuo upya, na safari hii alitafuta mwenyewe. Sista hakumpelekea kipeperushi hata kimoja, ingawa mikono ilimwasha. Fundi alipiga simu, akaenda maofisini, akaomba kuonyeshwa vyeti vya usajili, akazungumza na watu wawili waliohitimu. Alichokipata hakikuwa chuo cha Sista, maana cha Sista hakikufundisha uhandisi. Hiki kilikuwa na mtihani wa kujiunga kwa watu wenye uzoefu wa kazi. Aliufanya, akafaulu. Walimweleza waziwazi kwamba kwa mtu mwenye kazi, shahada ile itamchukua miaka sita. Alihesabu miaka kwa vidole, kisha akaomba fomu.

Aliijazia kwenye meza ya cherehani, Jumapili alasiri, dada mkubwa akiwa amekwenda kupeleka nguo za wateja. Sista alikuwa upande wa pili wa meza, ameinamia kazi yake ya takwimu. Kalamu ya Fundi ilikwenda vizuri ukurasa wa kwanza na wa pili, halafu ikasimama.

"Wanataka jina la mtu wa karibu," alisema. "Nimekuandika wewe. Lakini hapa mbele wanataka uhusiano."

Sista hakuinua kichwa. "Andika mke."

Kalamu haikusogea. Nje mtu alipita akivuta mkokoteni, ukasikika mpaka mwisho wa barabara.

"Itakuwa uongo," Fundi alisema. "Mimi na karatasi za uongo tumemalizana."

"Fomu inarudishwa lini?"

Aliigeuza, akasoma nyuma. "Mwisho wa mwezi ujao."

"Basi iache wazi hapo," alisema Sista, akamsogezea kifuniko cha kalamu. "Dada akirudi, zungumza naye. Muda unatosha."