Maziwa ya Mama Nyamburi

Jua lilikuwa linazama ziwani Bhoke alipofika na ndoo na fagio, amechoka hoi, mimba imemjaa mpaka kifuani. Angesubiri asubuhi? Asubuhi ndiyo chai yake ya biashara ilitakiwa ichemke na wateja waione.

Maghorofa ya zamani ya Musoma mjini yalikuwa yanajifia taratibu, madirisha yamezibwa kwa mbao, popo ndio wapangaji. Hili alilofikia lilitangazwa hivi: atakayelifufua akae bure mwaka mzima. Bure! Kwa mwanamke aliyefukuzwa chumba Nyakato, neno hilo lilitosha.

Werema, fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anafunga vifaa vyake haraka haraka.

"Dada, hapo wanaingiaga, wanakimbiaga. Kinyozi aliacha mpaka kioo."

"Wanakimbia nini?"

"Bibi. Nyamburi, aliyelinunua ghorofa hili wenye duka la zamani walipohama. Alifia juu, hana mtoto. Wote waliokuja ni wanaume. Kila mmoja aliambiwa, 'Wewe sijakuita.'"

"Mimi sina pa kukimbilia, kaka. Mtoto wangu atazaliwa chini ya paa, basi."

"Na huyo Fred wako?"

"Fred ameikana mimba. Muache huko."

Werema akatikisa kichwa, akawasha pikipiki, akaondoka.

Bhoke akaingia. Vumbi. Giza la kona. Alifagia mpaka kiuno kikakataa, ndipo akasikia harufu.

Maziwa. Maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi, kama ya kwao Kiabakari.

"Umekuja kukaa?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi, kitenge begani, kibuyu mapajani. Mama Mungu! Lakini bibi alikuwa na uso wa huruma, na Bhoke akadhani ni jirani aliyepitia mlango wa uani.

"Shikamoo mama. Ndiyo, nimekuja kukaa."

"Marahaba. Kunywa, umechoka."

Tangu Fred aondoke, hakuna aliyemwambia "umechoka". Machozi yalimlenga. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho. Yalikuwa ya baridi… baridi mno.

Bibi akamgusa tumbo. "Huyu ataiamsha nyumba," alinong'ona. Akainuka, akapanda juu.

Hatua. Hatua. Kimya.

Bhoke akamulika kwa simu amshukuru. Ngazi ilikuwa imevunjika katikati. Kutoka pale kwenda juu hapakuwa na kitu. Uwazi mtupu.

Simu ikalia mkononi, nusura aitupe. Alikuwa Masatu, mdogo wake.

"Dada… umeolewa?"

"Nini?"

"Ng'ombe wameingia hapa nyumbani, sasa hivi. Wengi. Hawana mchungaji. Wanatembea, vumbi halitimki."

"Mwambie baba awafukuze! Masatu, sasa hivi!"

Kutoka kule Kiabakari alisikia kwato tu.

"Baba ameshawafungia zizini. Kuna bibi alisimama getini, akamwambia, 'Binti yako amekunywa maziwa yangu.' Baba amefurahi, dada. Anasema mahari ikishaingia zizini hairudi." Masatu akashusha sauti. "Bibi amesema tusihangaike na jina la mtoto. Analo."

Simu ikakatika.

Bhoke akaelewa. Kwao kila mtu anaijua desturi hii. Mama asiye na mtoto humwoa binti kwa ng'ombe, ili nyumba yake isife. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita. Binti akizaa, mtoto si wa baba yeyote. Ni wa yule mama mwenye nyumba. Lakini mama huyo huwa hai!

"Simpi," alisema Bhoke. "Huyu ni wangu. Nimebaki naye peke yake."

Juu, pasipo na ngazi, mtu alianza kufagia chumba.

Shwaa… shwaa…

Mlango wa mtaani ulikuwa wazi, taa za barabarani zimewaka. Bhoke akaushika ubao wa mlango. Aende wapi? Nyakato alishafukuzwa. Kiabakari baba alishapokea ng'ombe. Mtoto akageuka tumboni, akapiga teke moja lenye nguvu, kama anaitika.

Ufagio ukanyamaza.

"Kaa chini, mke wangu," ilisema sauti, kwa upole ule ule. "Umechoka."

Na kweli alikuwa amechoka. Akakaa.