Kizimba Kilichopona

Jumatatu saa mbili asubuhi, Dakta Nevena Stoilova alifungua chumba cha panya katika maabara yao mjini Plovdiv, akasimama kama aliyepigwa na radi. Panya wake weupe walikuwa wamekufa. Vizimba vyote, isipokuwa kimoja cha pembeni, ambamo panya walikuwa wakikimbizana kana kwamba hakuna msiba.

"Ni Lyuben huyo!" alifoka Profesa Pashev, mkuu wa maabara. "Mlevi mkubwa! Kawamwagia dawa ya mende."

Mzee Lyuben, mtunza panya, alivua kofia. "Binti yangu, hawa nimewalea kama wajukuu. Niwaue ili iweje?"

"Subiri, mzee," Nevena alisema. "Hafukuzwi mtu leo."

Nevena alikagua chakula: safi. Maji ya kunywa: safi. Ikabaki chupa ya maji ya chumvi aliyochanganyia tiba yake mpya, akawadunga panya wote Jumapili. Kimyakimya, bila kumwambia mtu, akaotesha matone yake kwenye sahani ya maabara, aone kama yana bakteria. Kesho yake hakikuota kitu. Hakuna bakteria hai hata mmoja.

Akarudi kwenye kizimba cha pembeni, akajiuliza: hawa wana nini? Ghafla akapiga paja. Wale walizaliwa na kasoro: miili yao haitambui maganda ya bakteria! Mwili wa panya mzima ukiyakuta hayo maganda huita jeshi lake lote la kinga, na jeshi hilo huteketeza nyumba yake lenyewe. Akaipima chupa tena, safari hii akitafuta maganda. Yalijaa tele.

Alasiri akawaita wote, pamoja na askari wawili.

"Panya wangu wameuawa na bakteria," alisema.

Pashev akacheka. "Bakteria wa wapi? Chupa ile imechemshwa, haina kilicho hai!"

"Chupa ipi, Profesa? Mimi sijataja chupa."

Pashev akapiga hatua nyuma.

"Moto huua bakteria," Nevena akaendelea, "lakini sumu ya maganda yao haitishwi na jiko. Ulijua hilo, ndiyo maana ukatia bakteria chupani na kuwachemsha, ili tusikute kilicho hai. Hukukumbuka tu kizimba kimoja."

"Tiba yako ingeonyesha dawa yangu haifai kitu," Pashev alinong'ona. "Dawa iliyonipa jina!"

"Na mimi je?" Mzee Lyuben alimsogelea. "Ungenizika nikiwa hai, bwana mkubwa?"

Pashev aliweka funguo mezani, akatoka kati ya askari wawili. Mzee Lyuben akavaa kofia yake, akamkumbatia Nevena hadi miguu ikaacha sakafu, na maabara nzima ikalipuka kwa makofi.