Mrushaji wa Jumapili

Mzee Harshad Vora alikutwa kifudifudi kwenye korido ya nyumba yake huko Kenton, ughaibuni, Jumapili saa kumi na moja jioni, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Aliyemkuta ni Mitesh, mtoto wa mdogo wake, mwenye ufunguo wa akiba. Mitesh aliita polisi, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Inspekta Zipporah Njenga alimkuta hapo hapo, bado ameshika ule ufunguo.

"Nani alikutuma uje?"

"Ushma, binti yake. Yuko Boston."

"Yuko Boston, akajua mtu ameanguka Kenton?"

"Aliona timu."

"Timu gani tena?"

"Ya besiboli."

Zipporah alizaliwa Limuru. Besiboli alikuwa ameiona kwenye filamu tu. Alimtazama msaidizi wake, Sajini Talib, mtu mzima wa Mombasa asiyeacha mzaha hata penye maiti.

"Hiyo ni kriketi iliyopotea njia, Inspekta," Talib akanong'ona.

Zipporah akamkata jicho. Talib akavaa glavu akaingia ndani, akarudi akisema maiti si ya leo, ni ya tangu jana au juzi.

Ushma alipiga simu kabla hata gari la maiti halijafika. Aliondoka Moshi ana miaka kumi, lakini Kiswahili chake kilikuwa hakijaondoka.

"Baba ni mtu wa kriketi," alisema. "Nilipohamia huku akasema haya, nifundishe huo mchezo wenu. Tukaingia ligi ya kubuni. Unachagua wachezaji wa kweli; wakifanya vizuri uwanjani, wewe unapata pointi. Na msimu ukianza, mechi ni karibu kila siku, kwa hiyo kila siku unapanga kikosi upya. Nani arushe mpira, nani apige, nani akae benchi. Baba alipanga saa kumi alasiri ya huko, akishakunywa chai."

"Sasa timu na kuanguka vinahusiana vipi?"

"Nilimnunulia kile kidude cha kuvaa shingoni, ukianguka unabonyeza. Akaniambia yeye si ng'ombe wa kufungwa kengele! Basi tukakubaliana. Timu ikisogea, yaani kikosi kikibadilika, najua ni mzima. Isiposogea, nampigia Mitesh aende. Mwezi wa tano haikusogea. Mitesh alimkuta bafuni, sukari imeshuka. Akapona."

"Na Ijumaa hii?"

"Ilisogea. Ijumaa, Jumamosi, na leo. Lakini leo amepangwa mrushaji aliyeumia bega jana uwanjani. Baba husikiliza habari za besiboli kila asubuhi kwenye spika yake. Hawezi kumpanga mgonjwa, hawezi kabisa!" Sauti ilikatika, ikarudi kali. "Inspekta, kama kuna mtu aliyemsogezea ile timu, huyo ndiye aliyenizuia kupiga simu. Nataka kumjua. Sitaki kingine."

"Neno la siri la akaunti analijua nani?"

"Mitesh ndiye aliyeifungua. Na Placida, mlezi wake anayekuja kila asubuhi. Macho ya Baba yamekwisha. Yeye hutaja majina, Placida hubonyeza."

Zipporah akarudi kwenye ngazi.

"Mitesh, nyumba hii ni ya nani sasa?"

"Yangu na Ushma." Akanyanyua kichwa. "Unafikiri nimemuua baba yangu mkubwa?"

"Nimeuliza nyumba. Ijumaa saa kumi ulikuwa wapi?"

"Kazini, Stratford. Waulize wenzangu."

"Tutawauliza."

Ndani, Talib alikuwa jikoni, mzaha wote umemtoka. Kompyuta kibao ya mzee ilikuwa haijaguswa tangu Alhamisi. Waliokuwa wakipanga timu, kama ni mmoja au kumi, walitumia simu nyingine. Kisha Talib akashika daftari la karatasi za kuchana lililokuwa karibu na birika, akalimulika tochi kwa ubavu. Ukurasa wa juu ulikuwa umechanwa. Kwenye uliofuata, kalamu ilikuwa imeacha alama zilizobonyea: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na majina chini ya kila siku.

Zipporah akaangalia majina ya Jumapili. La kwanza lilikuwa la yule mrushaji wa bega.

"Aliyepanga hakukosea," alisema polepole. "Alifuata karatasi. Karatasi iliandikwa kabla bega halijaumia, na aliyeishika hafuatilii habari."

"Mwandiko wa nani?"

Zipporah alinyoosha kidole kwenye mlango wa friji. Palikuwa pamebandikwa orodha ya vitu vya sokoni: bamia, dengu, maziwa. Ile B ya bamia ilikuwa na mkia mrefu. B za kwenye daftari nazo zilikuwa na mkia huo huo.

Jumatatu saa moja asubuhi Placida alikuja kazini. Mama wa Bukoba, miaka hamsini na mitatu, mfuko wa bamia mkononi. Alipoona utepe wa polisi mlangoni, mfuko ukamponyoka.

"Mzee yuko wapi?"

"Amefariki, mama. Pole sana. Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana," Placida alisema upesi. "Jana mchana. Alikula vizuri."

Zipporah alijua huo ni uongo. Jana mchana mzee yule alikuwa hajala chochote, na wala hangekula tena. Hakutaka awe huyu mama. Lakini kazi ni kazi.

Saa sita mchana daktari wa uchunguzi wa maiti akapiga simu. "Alianguka Alhamisi usiku. Nyonga imevunjika. Amekufa Jumamosi alfajiri, kwa kukosa maji na dawa yake ya sukari."

"Ina maana Ijumaa..."

"Ijumaa yote alikuwa hai, Inspekta. Magoti yamechubuka. Alikuwa akijiburura kwenda mlangoni. Angefikiwa Ijumaa jioni, ningesema angepona."

Zipporah alikata simu. Alikuwa na hasira, na bado hakujua aielekeze wapi.

Kwenye chumba cha mahojiano, wakili alikaa kando ya Placida na kinasa sauti kiliwashwa. Talib aliweka mezani nakala ya daftari na rekodi za simu.

"Huu ni mwandiko wako, mama?"

Placida aliutazama.

"Ni wangu."

"Jana ulikuwa Kenton?"

"Hapana, afande. Nilidanganya. Nilikuwa Leicester, kwa binti yangu Bridget."

"Tangu lini?"

"Alhamisi saa moja jioni. Bridget alianza kutokwa damu Jumanne, mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza alizaa mfu, afande, peke yake, mimi niko kwa watu nawaosha miguu. Niliapa safari hii nitakuwepo."

"Uliomba ruhusa?"

"Niliomba. Sikupewa."

"Ukatoroka."

"Mzee ndiye aliyenifukuza!" Placida alicheka kidogo, na machozi yakaja hapo hapo. "Alisema, nenda, Placida, mimi si mtoto mchanga, mtoto mchanga yuko Leicester. Akanitajia kikosi cha siku tatu, nikaandika. Alifurahi mwenyewe. Alisema Ushma tutamchezea shere."

"Ijumaa asubuhi ulimpigia mzee mara ngapi?"

"Mara mbili, tatu."

"Rekodi inasema kumi na moja."

Placida alizisogeza karatasi kando.

"Mara kumi na moja hakupokea. Ulifikiri nini?"

"Nilijiambia ametoa visikizi masikioni. Huvitoa, havipendi."

"Sikuuliza ulijiambia nini. Nimeuliza ulifikiri nini."

Wakili alimgusa mkono. Placida akautoa mkono wake.

"Nilifikiri ameanguka."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

"Na saa kumi alasiri ukafanya nini?"

"Nikapanga timu."

Talib aliacha kuandika.

"Ulijua timu ile ndiyo kengele yake?" Zipporah aliuliza. "Ulijua isiposogea, Mitesh atatumwa?"

"Mwezi wa tano nilimpeleka hospitali mimi na Mitesh. Nilijua."

"Basi ungeacha tu, mama! Usingehitaji kumwambia mtu neno. Ungekaa bila kubonyeza, na Mitesh angekwenda."

"Unadhani sijui hilo?" Placida alipiga meza. "Tangu siku ile nimefanya nini kingine zaidi ya kulijua? Nilishika simu, na Bridget analia chumba cha pili. Nikawaza, nikiacha, Ushma atajua sipo. Ataniita nirudi, au atanifukuza kama alivyowafukuza wawili kabla yangu. Na akiniita..." Akashindwa. Akajaribu tena. "Sikutaka kurudi. Huo ndio ukweli, afande. Walikuwa wawili, yule mzee na mwanangu, na mimi ni mmoja. Nikamchagua wangu. Nikasema kesho alfajiri nitapanda treni. Kesho yake Bridget akapasuliwa."

"Mtoto?"

"Wa kike. Yuko kwenye mashine. Anapumua."

Zipporah alizima kinasa sauti. Placida alifunguliwa mashtaka ya kuua bila kukusudia kwa uzembe. Hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nguo ya mzee ya kuvalishwa imeshachaguliwa, kwa sababu suti ya kijivu ndiyo aliyoipenda.

Jioni Zipporah alimpigia Ushma. Alimweleza yote: karatasi, simu kumi na moja, Leicester. Hakumficha ile Ijumaa.

Ushma alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha hasira ikaja, na alikuwa na haki nayo.

"Afungwe azeekee humo! Nilimwamini. Baba alimwita binti yake wa pili. Kwa nini hakuniambia mwanawe anaumwa? Mimi si mnyama, Inspekta. Angeniomba tu!"

Mezani kwa Zipporah palikuwa na karatasi ya mwisho kutoka simu ya Placida. Angeweza kunyamaza. Alitaka sana kunyamaza. Lakini ingesomwa mahakamani, mbele ya watu, na huko ingekuwa mbaya zaidi.

"Alikuomba, dada Ushma. Jumatano. Siku tatu."

"Haiwezekani."

"Ujumbe ninao hapa. Ni mrefu. Mwishoni ndipo anaandika habari za Bridget na damu."

Zipporah alimsikia akipekua simu.

"Nilimjibu nini?"

"Si lazima..."

"Nisomee."

Zipporah akasoma. "Uliandika, 'Baba ana timu ya kupanga. Subiri msimu uishe ndipo tuzungumze.'"

"Nilikuwa kwenye foleni ya kahawa," Ushma akasema. "Sikuusoma mpaka mwisho."