Kamati ya Sindano ya Munira

Sie wa Jasho Tamu Jogging tunakimbia kila Jumapili asubuhi. Tunatoka Chang'ombe, tunazunguka mitaa ya Temeke, kisha tunarudi kunywa supu. Mbele inakwenda bendera na filimbi. Nyuma inafuata bajaji iliyobeba spika. Wanaokimbia kweli ni wachache, wengi tunaimba. Mie ni katibu, na mwili wangu ni mkubwa, kwa hiyo naimba sana.

Jina langu ni Tabu. Nauza vitumbua na barafu za ubuyu mlangoni kwangu. Mwenyekiti wetu ni Suleiman, fundi wa kuchomelea mageti. Akishika kipaza sauti, kukiachia ni kazi. Ana binti mmoja, Munira, wa miaka kumi na minane. Huyo ndiye anayekimbia kweli. Mbio zake ni za mita mia nane.

Mwaka jana Munira alishindwa kwenye mashindano ya mkoa. Alizidiwa kifua tu na msichana wa Kigamboni. Suleiman aliumia sana. Akasema yule msichana si bure, lazima ana kitu kwenye damu. Hakuwa na ushahidi hata chembe. Lakini sie tulimwitikia, maana alikuwa mwenyekiti na supu ilikuwa ya kwake siku hiyo.

Mwaka huu Munira akaitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya vijana. Katika mita mia nane walitakiwa wasichana wawili tu. Munira aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Alikuwa anafanya mazoezi asubuhi na jioni, siku zote saba, mpaka macho yakamwingia ndani. Mie nikamsifu. Nikamwongezea vitumbua.

Ndipo akatokea Dokta Anwar. Udokta wake aliupata wapi, sijui mpaka leo. Alikuja karakana ya Suleiman kutengenezewa geti, akakuta stori ya mbio. Akasema siku hizi wanariadha wajanja hawamezi vidonge tena. Wanabadilishwa vinasaba. Akaeleza kwamba ndani ya mwili kuna maelekezo ya kutengeneza kila kitu: misuli, damu, hata rangi ya macho. Maelekezo hayo ndiyo vinasaba, na kila mtu huyarithi kwa baba na mama yake.

Mpaka hapo alisema kweli. Kisha akaanza uongo. Alisema anayo sindano yenye kinasaba cha mnyama mwenye mbio. Unachomwa Jumamosi, Jumatatu unakimbia kama mnyama mwenyewe. Na mashine za kupimia hazioni kitu.

Suleiman alielewa upesi, kwa akili ya ufundi wake. Geti likipungua, unaongeza kipande, unachomelea, unapiga rangi, basi. Akaona mwili wa mwanawe nao ni hivyohivyo.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Watu wengine wakitaka kufanya udanganyifu michezoni, hujificha. Sie tuliunda kamati. Kwetu hakuna jambo lisilo na kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, msiba una kamati. Basi na sindano ikapata yake: mwenyekiti, katibu na mjumbe wa chakula. Jumapili, mbele ya soko, Suleiman akatangaza kwenye spika kwamba Munira atachomwa sindano Jumamosi baada ya adhuhuri, na pilau litakuwepo. Watu wakapiga vigelegele. Mie nikaandika kadi kwa mkono wangu: "Unakaribishwa kwenye shughuli ya kumchoma Munira sindano ya mbio. Vazi: kijani." Chini nikaweka majina ya kamati nzima. Nasimulia haya kwa aibu, ila kadi zilikuwa nzuri.

Kikao cha pili kilikuwa cha kuchagua mnyama. Dokta Anwar alituletea orodha ya watatu: duma, mbuni na swala. Vijana wote wakataka duma. Bibi Mwanabaraka, mama yake Suleiman, akagoma. Akasema duma ni mnyama wa meno na makucha, nyama yake hailiwi, na mjukuu wake haingizwi kitu kisicholiwa. Mbuni akakataliwa kwa sababu ya shingo, maana Munira bado hajaolewa. Swala akapita kwa kura zote. Bibi akaridhika, kwa kuwa swala ni halali. Munira alikuwa palepale, anamenya vitunguu. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Dokta Anwar akapokea malipo ya kwanza, akatuachia kichupa, akasema kikae kwenye baridi, yeye atakuja Jumamosi kuchoma. Kikawekwa kwenye friji yangu, katikati ya barafu za ubuyu.

Kadi moja nilimpelekea Editha, jirani yetu mtu wa Masasi. Nilimwalika kwa sababu ana sauti nzuri ya kuimba. Nilijua anafanya kazi maabara ya hospitali. Nisichojua ni kwamba siku za mashindano Editha huwa kwenye kundi la wanaowapima wanariadha mkojo, kutafuta dawa zilizokatazwa. Kwa hiyo mie, katibu mzima, nilipeleka mwaliko kwa mtu wa kutukamata.

Alhamisi alikuja kwangu na kadi mkononi. Akauliza kama nimeiandika mie. Nikamjibu ndiyo, nikamuuliza kama ameupenda mwandiko. Aliomba niwaite Suleiman, Bibi Mwanabaraka na Munira. Walipofika akamwamkia bibi shikamoo, akakaa, akaiweka kadi juu ya meza.

Suleiman ndiye aliyeanza. "Dada Editha, kwani kuna ubaya gani? Sio bangi hii. Ni kinasaba tu, kila mtu anacho."

"Ni kweli, kaka Suleiman," alijibu Editha. "Lakini vya Munira ulishampa wewe na mama yake. Hivyo ndivyo anavyoruhusiwa kukimbia navyo."

Akatueleza polepole. Ni kweli kwamba kwenye hospitali kubwa duniani, wataalamu huingiza vinasaba kwa wagonjwa wenye maradhi fulani mazito. Wameifanyia kazi hiyo utafiti miaka mingi, na mgonjwa huangaliwa kwa muda mrefu. Hayo ni matibabu. Kumfanyia hivyo mtu mzima wa afya ili awashinde wenzake ni udanganyifu, na kumekatazwa michezoni dunia nzima.

Suleiman akasema udanganyifu ni neno kali. Editha akamuuliza akikosea kuchomelea geti hufanya nini. Suleiman akasema analikata, anaanza upya.

"Mwili wa Munira utaukata wapi?" aliuliza Editha. "Kinasaba kikishaingia na kuanza kazi, huwezi kukizima kama taa. Mwili unaweza kutengeneza damu nyingi kupita kiasi. Damu inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma. Mtu anaweza kupata saratani. Na mwili wenyewe unaweza kukishambulia kitu kile kigeni, mtu akafa."

Bibi Mwanabaraka akamvuta Munira karibu yake. Suleiman alikuwa bado na ubishi kidogo, akaulizia zile mashine zisizoona. Editha akasema vipimo vinazidi kuwa vikali kila mwaka. Tena mkojo na damu vinaweza kuhifadhiwa hadi miaka kumi, vikapimwa upya. Mwanariadha akikamatwa anaweza kufungiwa miaka minne. Akisema hakujua, haisaidii, kwa sababu yeye ndiye mwenye dhamana ya kila kinachoingia mwilini mwake. Hata kujaribu ni kosa. Na wanaomsaidia nao wana kosa.

Aliposema wanaomsaidia, aliigeuza kadi ikatutazama. Jina langu lilikuwa la pili kutoka juu, kwa herufi za mapambo.

Akaomba kuona kichupa. Nikakitoa kwenye friji, kimelowa maji ya barafu. Karatasi ya juu, iliyochorwa swala, ikabaki kidoleni mwangu. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya kiwandani. Editha akaisoma kwa sauti. Ilikuwa vitamini ya mifugo, ya ng'ombe, kondoo na mbuzi.

Bibi Mwanabaraka akafikiri, akasema taratibu, "Mbuzi naye analiwa."

Editha alicheka mpaka akafuta machozi. Mie nikacheka kwa hofu. Suleiman hakucheka hata kidogo. Akasimama, akasema Anwar ni tapeli, atamtafuta mpaka ampate. Halafu akasema jambo lililotukata kicheko: kama hii ni feki, basi atafutwe mtu mwenye ya kweli.

Hapo Munira akaongea. Tangu kamati iundwe ilikuwa mara ya kwanza.

"Baba, mie naogopa. Toka Jumapili naogopa."

Suleiman akamuuliza kwa nini hakusema. Munira akajibu kwamba alitangazwa kwenye spika mbele ya soko zima, angesema na nani?

"Mwaka jana nilishindwa, lakini zile mbio zilikuwa zangu," alisema. "Nikichomwa nikashinda, sitajua maisha yangu yote kama nilikuwa naweza."

"Mwanangu, mie nilitaka usilie tena kama siku ile."

"Sikulia kwa kushindwa, baba. Nililia kwa sababu wewe hukunisemesha njia nzima."

Suleiman akavua kofia, akajifuta uso. Mtu mwenye sauti kama ile, siku hiyo ilimtoka ndogo. Akamwomba mwanawe msamaha mbele yetu. Nami nikaomba wangu, kwa kuwa spika ilikuwa yake lakini kadi zilikuwa zangu.

Basi Editha akafanya kile ambacho kamati nzima haikufanya. Alimuuliza Munira anakula nini, analala kwa saa ngapi na anapumzika lini. Kula: chai na vitumbua vyangu. Kulala: saa tano tu za usingizi kwa usiku. Kupumzika: hamna. Jumapili, badala ya kupumzika, alikuwa anatukimbilia mbele na filimbi mdomoni. Editha akasema hapo ndipo mbio zinapopotelea, sio kwenye vinasaba. Akapanga siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, na usingizi wa saa nane. Akataka Munira ale maharage, samaki, mayai, mchicha na matunda. Vitumbua vikapunguzwa, nami nikakubali, ingawa kwa uchungu. Akamwonya pia kuhusu dawa, hata ya kikohozi. Kabla ya kuimeza, amwambie daktari au mfamasia kwamba yeye ni mwanariadha, na aulize kama imeruhusiwa.

Suleiman alikipeleka kichupa polisi, akatoa maelezo yote. Simu ya Dokta Anwar haikupatikana tena, na yule mtu hatukumwona mtaani.

Shughuli ya Jumamosi tulishindwa kuiahirisha, maana mchele ulishachambuliwa na watu walishashona kijani. Suleiman akashika kipaza sauti, akasema kamati imekosea, na yeye amekosea kuliko wote. Akampa Editha azungumze. Watu walimuuliza maswali mpaka pilau likapoa. Kisha Editha akaimba, na hapo angalau sikuwa nimekosea.

Siku ya majaribio, Ijumaa iliyofuata, tulikwenda klabu nzima. Munira alikaa wa nne mzunguko wa kwanza. Mita mia mbili za mwisho akafungua miguu. Akampita mmoja, akampita wa pili. Msichana wa Kigamboni alikuwa mbele yake na akabaki mbele yake. Munira akawa wa pili. Nafasi zilikuwa mbili. Niliruka juu, na nilipotua watu waliokuwa jirani walijua nimetua.

Suleiman alimfuata yule wa Kigamboni, akampa mkono, akamwomba radhi kwa maneno aliyowahi kumsema. Msichana wa watu hakuwa anajua habari yoyote, akashukuru tu.

Mara wasichana wote wawili wakaitwa kupimwa. Editha hakuwa kazini siku ile, kwa kuwa Munira ni jirani yake. Munira akaruhusiwa kuingia na mtu mmoja, akamchukua baba yake. Sie tukabaki nje ya mlango tukiimba, mpaka mlinzi akatuomba tunyamaze, eti mkojo hautoki watu wakiimba.

Walipotoka, Suleiman ndiye aliyenisimulia yaliyotokea ndani. Munira alikwenda chooni na afisa wa kike, akarudi na mkojo, akafunga chupa zake mwenyewe, akaketi. Afisa akachukua fomu, akamuuliza kama siku saba zilizopita ametumia dawa yoyote, vitamini au sindano.

"Hapana," alisema Munira.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akapewa kalamu, akatia sahihi bila kugeuka kumtazama baba yake. Suleiman aliniambia kwamba alikuwa amekaa pembeni ya Munira, akafikiri kwamba kama Jumamosi ile ingekwenda tulivyopanga, mtoto wake angelazimika kusema uongo pale, naye akiwa anamsikiliza. Kabla hajamaliza kunisimulia, Munira akaja akamshika mkono, wakaenda kuchukua medali ya mshindi wa pili.