Odell Hakutia Saini

Gerezani kwetu Louisiana asubuhi ni uji wa mahindi, kisha jembe na shamba la bamia. Mtu akikutendea wema bure, jiulize anataka nini.

Odell Guidry alilala kitanda kilicho chini ya changu. Ana kisukari. Alitakiwa kuchomwa insulini kila siku, lakini siku nyingi muuguzi alimruka. Kidole cha mguu kikavimba, kikaanza kuwa cheusi. Odell aliogopa kukatwa mguu, na mimi niliogopa pamoja naye.

Aliandika malalamiko kwa uongozi wa gereza. Jibu likaja: yamekataliwa. Odell akasema sasa anakwenda mahakamani moja kwa moja.

Jirani yetu wa bwenini, Renaud, aliyesoma sheria katika maktaba ya gereza, akamwambia asithubutu. Bado kulikuwa na rufaa ya kupeleka makao makuu ya magereza. Alijitolea kumsaidia kuiandika. Odell akampa pakiti za tambi, maana ndizo fedha zetu. Renaud akazikataa.

"Amekataa tambi?" Odell aliniambia baadaye. "Huyo katumwa."

Nami niliamini hivyo hivyo.

Kesho yake akaja Sajini Pruitt, ambaye hakuwahi hata kutusalimu. Alikuwa anatabasamu. Alileta karatasi inayosema kwamba malalamiko yamekwisha.

"Weka saini, ndugu yangu Guidry," alisema. "Kesho unamwona daktari."

Odell akashika kalamu. Simlaumu, maumivu hayana adabu.

Renaud akasema kutoka kitandani kwake, "Mwambie daktari atangulie. Saini itafuata."

Tabasamu la sajini likayeyuka. Alimtazama Renaud vibaya sana. Odell akaona, akairudisha kalamu.

Sajini alipoondoka, Odell akamgeukia Renaud. "Na wewe unapata nini hapa?"

Renaud aligusa jicho lake lililopofuka. "Hili lilipougua, malalamiko yangu yalikataliwa mara moja tu, nikakimbilia mahakamani. Jaji hakuuliza habari za jicho. Aliuliza kama nilimaliza ngazi zote za malalamiko. Sikumaliza. Kesi ikatupwa."

"Kwa nini nikate rufaa kwa watu wale wale? Si watakataa tu?"

"Watakataa. Wewe panda hivyo hivyo, kabla muda wao wa kupokea rufaa haujapita. Na kila karatasi, baki na nakala. Ukiruka ngazi moja, mahakama inakufungia mlango. Ukisaini kwamba yamekwisha, umejifungia mwenyewe."

Hata hapo Odell hakumwamini kabisa. Alinitaka niisome rufaa neno kwa neno kabla haijatumwa. Nilitafuta mtego, sikuuona. Tukaituma mapema.

Ikakataliwa, kama ilivyotarajiwa. Ndipo Odell akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Wanasheria wa serikali wakadai kwamba hakumaliza ngazi. Jaji akaangalia nakala za majibu yote mawili, akakataa kuitupa kesi.

Hajashinda bado. Kidole kilikatwa, lakini mguu umebaki. Na tangu uamuzi ule, muuguzi hamruki tena. Siku ya kwanza alikuja na tabasamu, akamwita Odell bwana. Odell aliisoma chupa ya dawa mbele na nyuma, akaisoma tena. Kisha akakunja mkono wa shati.